Hivi kumpima dogo nguvu za kunyanyua chuma kunatuambia nini kuhusu mpira wake?

Kocha Ituha
Wakuu habari za humu, poleni na baridi, huku kwetu Uyole wiki hii asubuhi nyasi zimeganda kabisa unakanyaga zinalia kra kra. Niende kwenye mada. Nina kikosi cha vijana huku, sio akademi ya kutisha, ni mimi na jamaa yangu mmoja na madogo kama 30 hivi wa miaka 13 mpaka 16, tunakutana saa kumi jioni wakishatoka shule, wengine wakishatoka shamba. Sasa mwezi uliopita wakaja jamaa watatu kutoka Dar, wanatafuta vijana wa kituo fulani, jina nalifunga maana sitaki ugomvi. Tukafurahi, tukafua jezi, hata mwenyekiti wa mtaa akaja.

Kufika wakasema kwanza twende jimu. Tukapanda hiace mpaka mjini. Kule dogo analala kwenye benchi ananyanyua chuma cha kilo 40 mara nyingi awezavyo, alafu pushapu dakika moja, alafu kuna kidude unakibana na kiganja kinaleta namba. Wanaandika kwenye daftari. Mpira wenyewe tulirudi kuucheza saa kumi na mbili kasoro, dakika 20 tu, giza likaingia wakaondoka. Walichagua wanne na wote wanne ni wale wenye vifua, mmoja ndevu zimeshaanza.

Nnaye kiungo wangu mmoja, ana miaka 14 na kilo 39. Huyu dogo nikimwangalia anavyopokea mpira huku ameshajua nani yuko nyuma yake huwa nacheka mwenyewe. Kile chuma kilikuwa kizito kuliko yeye! Hakikutoka kifuani, ilibidi tumtoe watu wawili wenzie wanacheka. Sasa baba yake kashaanza, anasema kama mtoto ni dhaifu bora arudi kwenye viazi, shule na viazi basi.

Maswali yangu: hivi vipimo vya nguvu vina maana yoyote kwenye kuchagua wachezaji au ni mbwembwe? Na kama vina maana mi naweza kupima nini hapa uwanjani, bila jimu? Mniambie ukweli, kama nimekosea mimi mniambie pia.

Mpiga Chuma Mwanjelwa
Kocha usichukie wakuu wa Dar, wanajua wanachofanya. Mpira wa sasa ni mwili. Nenda Sokoine siku Prisons wakiwa nyumbani ukakae karibu na uwanja usikie mifupa inavyogongana, dogo wa kilo 39 pale anapeperushwa kama mfuko wa rambo. Kipaji bila nguvu unakiona kwenye ndondo tu, akifika ligi anawekwa mfukoni na beki anamaliza mechi hajagusa mpira. Mi mwenyewe nilikuwa na chenga balaa, nilikosa mwili nikaishia hapa nauza simu. Mpeleke jimu huyo dogo, miezi sita tu.

Dalali wa Parachichi
Mkuu wewe hukukosa mwili ulikosa chenga 😂 tulisoma wote tunajuana

Mwana wa Iyunga
Kocha pole. Mi niko huku Marekani mwaka wa tisa, na hili la kulala kwenye benchi na kunyanyua chuma naona limetokea huku, kwenye mpira wao ule wa kushika na mikono na kuvaa helmeti. Wana zoezi lao kila mwaka, limekuwa likifanyika Indianapolis tangu 1987, vijana wanaotoka vyuo wanapimwa mbele ya timu zote za NFL, ligi yao kuu, kabla timu hazijawachagua kwa raundi: mbio za yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele, na hio ya benchi. Chuma ni ratili 225, kama kilo 102 hivi, unanyanyua mpaka mikono ikatae. 2011 kuna jamaa anaitwa Stephen Paea alipiga mara 49.

Sasa angalia. Kule kuna majitu ya kilo 140 ambayo kazi yao dakika zote ni kumsukuma mwenzie kwa mikono, kwa hiyo kidogo ile benchi inafanana na kazi yao. Hata hivyo haiwaambii sana. 2018 kuna Orlando Brown, jitu kubwa la mstari wa mbele, alinyanyua mara 14 tu na mbio zake zikawa za kucheka, watu wakamsema wiki nzima, akashuka mpaka raundi ya tatu. Alikuja kuitwa kwenye mechi ya nyota wao mara kadhaa huyohuyo. Na wale wanaorusha mpira, makotabeki, kawaida hata benchi hawapandi maana hakuna mtu anayejali kifua chao, wanaangaliwa mkono na kichwa. Na siku hizi wengi wanaikwepa kabisa.

Kwenye basketi ndo kichekesho kikubwa. 2007 Kevin Durant alipewa chuma cha ratili 185, kilo 84 hivi, hakunyanyua hata mara moja, kama dogo wako kabisa. Timu za NBA zilipochagua vijana mwaka huo akachaguliwa wa pili, akawa nyota mkubwa. Iliyobaki mnaijua.

Kwa hiyo jamaa wamechukua kipimo cha mchezo wa mikono, ambacho hata wenye nacho wanakitilia shaka, wakakileta Uyole kupima watoto wa mchezo wa miguu 🤦 Alafu kule kabla hujafika benchi wameshaangalia mechi zako za miaka mitatu, chuma ni kachumbari. Hawa wenu wamekula kachumbari wakaacha pilau.

Banyambala86
1986 Tukuyu Stars tulichukua ubingwa wa nchi na hatukupima mtu kifua. Nimemaliza.

Dalali wa Parachichi
Mzee shikamoo, ila nyie mlikuwa mnabeba mikungu ya ndizi kupandisha milima ya Rungwe toka mna miaka saba, mngepimwa chuma kingekatika

Banyambala86
Marahaba. Hapo umesema kweli mwanangu.

Fundi Misuli Iringa
Kamwene wote. Mi ni mtu wa tiba ya viungo, kazi yangu ni misuli na magoti ya wachezaji na ya wakulima, nipo Iringa. Kocha umeuliza kitu cha maana na naona watu wanajibu "nguvu ni kila kitu" au "nguvu si kitu", yote mawili sio.

Kwanza nimtetee kidogo jamaa wa Mwanjelwa. Nguvu ina maana kwenye mpira, haina ubishi. Kuna Wajerumani waliangalia video za mabao 360 ya Bundesliga, wakakuta kwenye asilimia 45 ya mabao mfungaji alikuwa ametoka kuchomoka mbio ya moja kwa moja kabla ya kufunga. Na Wanorwei mwaka 2004 walitoa matokeo ya wachezaji 17 wa klabu yao ya Rosenborg, waliokuwa wanachuchumaa na chuma kizito zaidi ndio hao hao waliokuwa wanaruka juu zaidi na kumaliza mita 10 za mwanzo mapema zaidi. Kwa hiyo miguu yenye nguvu inachomoka, hilo lipo.

Ila shika maneno mawili hapo, MIGUU na WATU WAZIMA.

Miguu kwanza. Benchi inapima kifua na mikono, pushapu hivohivo, kidude cha kiganja kinapima kiganja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichogusa mapaja. Alafu chuma cha kilo 40 kwa wote ni dhuluma ya hesabu tu. Dogo wa kilo 60 anabeba theluthi mbili ya uzito wake, wa kilo 39 anabeba zaidi ya mwili wake mzima, alafu unaandika namba zao kwenye mstari mmoja unasema huyu mzuri huyu mbaya. Uwanjani mtu habebi chuma, anabeba mwili wake mwenyewe, anausimamisha, anaugeuza, anaurusha juu. Ukitaka kulinganisha basi pima nguvu kwa kila kilo ya mtu.

Sasa la watu wazima, na hili ndo kubwa. Wavulana wengi wanarefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, ila sio wote siku moja, kuna anayeanza na 12 na kuna anayeanza na 16, na wote ni wazima wa afya. Misuli yenyewe inakuja kujaa baada ya hapo. Kwa hiyo ukiwapanga mstari madogo wa miaka 14 ukawapima nguvu, ulichopima kwa sehemu kubwa ni nani amebalehe kwanza. Yule wa ndevu hajafanya kazi kuliko mwenzie, saa yake imewahi kugonga tu. Baada ya miaka mitatu minne wale wadogo wanafika na pengo linapungua sana, mara nyingine linaisha, ila wakati huo kiti kilishakaliwa.

Na hili Ulaya limewaumiza mpaka wakatafuta dawa. Akademi zao zilijaa watoto waliozaliwa Januari mpaka Machi, yaani wakubwa wa mwaka wao. Griezmann, huyu nyota wa Ufaransa, alikataliwa na vituo kadhaa vya Ufaransa kwa udogo wake mpaka Real Sociedad ya Hispania wakamchukua. Vardy, aliyekuja kuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya England, aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na 16, mfupi. Ubelgiji wakaunda kabisa timu ya taifa ya pembeni ya vijana waliochelewa kukua ili wasipotee njiani. Uingereza kuna mechi wanapanga watoto kwa kukomaa kwa mwili badala ya umri, yule mdogo mwenye akili akicheza na wa size yake ndo unaona vizuri anajua nini, na lile jitu likikutana na majitu wenzie linalazimika kutumia kichwa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kocha kipimo cha nguvu usikitupe, ila usikifanye mlango wa kuingilia. Kifanye tochi ya kumulikia wale ambao tayari unao. Nikipata muda baadae ntaandika vya kupima bila jimu, sasa hivi nna mgonjwa.

Mpiga Chuma Mwanjelwa
Fundi nimekuelewa ila bado, hao kina Griezmann ni mmoja kwenye elfu. Mtu wa skauti ana siku moja na watoto 30, afanyeje? Namba haidanganyi, jicho ndo linadanganya, wewe kocha unampenda huyo dogo ndo maana unaona dhahabu.

Mwana wa Iyunga
@Mpiga Chuma namba haidanganyi ila inajibu swali ulilouliza tu. Ukiuliza nani ana kifua inakujibu nani ana kifua. Na kama ana siku moja angecheza nao mpira siku nzima basi, kwa nini kawapeleka mjini na hiace?

Mama Winga
Habari zenu wanangu. Mimi sio mtaalam ila mwanangu anacheza, tuko Mafinga. Mwaka jana alirefuka ghafla suruali zote zikawa kaputula, na mpira ukapotea, akawa anajikwaa mwenyewe, kocha wake anamfokea kwamba amekuwa mvivu. Alafu akaanza kulalamika chini ya goti, pale kwenye kifundu, pamevimba na akipagusa anaruka. Kocha akasema goti linauma kwa sababu halina nguvu, akamwongezea kuruka kichura kila siku. Mtoto akawa anachechemea mpaka shule. Nilimsimamisha mwenyewe. Je ni sawa nilivyofanya? Na hii ya vyuma nasikia inadumaza watoto, ni kweli?

Fundi Misuli Iringa
Mama shikamoo, ulifanya vizuri sana kumpunguzia. Hapo chini ya goti ndipo kano la paja linapojishika kwenye mfupa wa muundi, na kwa mtoto anayerefuka pale mfupa bado laini, akirukaruka na kupiga sana panavutwa panavimba. Tunaona sana kwa wacheza mpira wa miaka 12 mpaka 15. Dawa kubwa ni kupunguza kuruka na kukimbia mpaka maumivu yashuke, barafu, na kurudi taratibu, na kawaida linaisha lenyewe akimaliza kukua. Kichura kila siku ni kumwagia petroli. Likizidi au akishindwa kukanyaga mpeleke aangaliwe, usikae nalo.

Na hilo la kujikwaa mwenyewe ni kawaida, miguu imekuwa mirefu na kichwa bado kina ramani ya zamani. Kocha asiyepima urefu anadhani mtoto amekuwa mvivu. Ndo maana kipimo cha kwanza kabisa kocha Ituha unachotakiwa kufanya sio nguvu, ni UREFU. Bandika tepu ya fundi cherehani ukutani, bila viatu, kisigino ukutani, kila baada ya miezi mitatu, andika tarehe. Dogo akianza kupaa, yaani mwaka wake unaelekea sentimita 8 au zaidi, huyo mpunguzie kuruka, mvumilie kwenye kontroo, na usimhukumu kwa lolote mwaka huo.

Kudumaa kwa sababu ya vyuma ni hadithi, mazoezi ya nguvu hayamdumazi mtoto kama anasimamiwa, anaanza na mwili wake na anajua namna ya kushuka na kupanda. Kinachoumiza ni kushindana kilo bila mtu wa kukuangalia. Alafu wakuu tuseme ukweli, nyanda za juu huku tunaogopa mtoto kushika chuma cha kilo 10 kwa utaratibu, kesho yake huyohuyo anasaidia kupakia lumbesa ya viazi kwenye fuso 😅

Paluhengo
Na umri wenyewe mnaamini? Namjua mchezaji alikuwa na 16 miaka minne. FIFA toka 2009 kwenye kombe la vijana chini ya 17 wanapiga picha ya mashine ya kifundo cha mkono kuona kama mfupa umeshafunga. Yule wa ndevu wa kwako kocha mpige hiyo kwanza kabla hujalia 😂

Kocha Ituha
Paluhengo we acha, cheti nimekiona mwenyewe, baba yake pia ana ndevu mpaka machoni.

Fundi asante sana, nimesoma mara tatu. Nasubiri hivyo vya kupima. Jimu sina ila nna ukuta wa shule, chaki, tepu na simu moja nzuri ya msaidizi wangu.

Fundi Misuli Iringa
Ukuta na chaki vinatosha sana. Haya, nimepata nafasi.

Cha kwanza, kuruka juu. Dogo anasimama ubavu ukutani, mkono juu, unaweka alama ya chaki pale kidole kinapofika nyayo zikiwa chini zote. Alafu anachuchumaa kidogo anaruka papo hapo bila kukimbia, anagusa ukuta juu na kidole chenye chaki. Unapima kati ya alama mbili. Mara tatu, chukua ya juu. Hapo umeshapima nguvu ya miguu dhidi ya mwili wake mwenyewe, yule wa kilo 39 na yule wa 60 wako sawa mbele ya ukuta. Bado aliyekomaa atakuwa na faida, usijidanganye, ila sio ile ya kuonea ya chuma cha kilo 40.

Cha pili, kuruka mbele kwa mguu mmoja, anatua kwa mguu uleule na anatulia. Kulia mara tatu, kushoto mara tatu. Hapa usimlinganishe na mtu, linganisha mguu na mguu mwenzie. Mguu mmoja ukiachwa mbali na mwingine, zaidi ya kama sehemu ya kumi, muulize aliumia lini. Mara nyingi atakwambia "niliumia kitambo nikapona", na hakupona.

Cha tatu hakina namba. Dogo anapiga magoti, mwenzie anamshika visigino, anajiachia mbele polepole kama mti unaokatwa, mwili umenyooka kuanzia goti mpaka kichwa, anajizuia mpaka atakaposhindwa ndo anatanguliza mikono. Unaangalia anafika wapi kabla hajaporomoka. Huo ni msuli wa nyuma ya paja, unaokatika mtu akichomoka mbio. Na uzuri kipimo chenyewe ndo zoezi lenyewe, timu zinazolifanya mara kwa mara zimepunguza kuumia msuli huo kwa karibu nusu. Waanze kidogo mara mbili kwa wiki, mara tatu nne tu, maana siku ya kwanza kesho yake hawatakaa chini. Na kama unaweza unganisha na yale mazoezi ya kupasha ya FIFA 11+, dakika 20, hayahitaji kifaa.

Mbio: saa ya mkono itakudanganya. Kidole chako kinachelewa na kuwahi, na kwenye mita 10 tofauti ya dogo mwepesi na mzito ni ndogo kuliko kosa la kidole. Tumia simu, rekodi ile video ya taratibu, weka vijiti viwili, uhesabu kwenye video. Uwanja uleule, viatu vilevile, saa ileile. Na kama kuna mtu anapima pumzi asichukue namba za Dar aje kuwapima nazo watoto wa Mbeya, nyie mko mita kama 1,700 juu ya bahari, mgeni wa pwani akipanda huko mbio za muda mrefu lazima zishuke kidogo.

Rudia kila baada ya miezi mitatu. Namba ya siku moja haina kazi sana, angalia inavyosogea. Dogo aliyetoka 30 akafika 36 anakwambia kitu ambacho yule aliyekaa kwenye 40 mwaka mzima hakwambii.

Dalali wa Parachichi
Fundi hii ya kujiachia kama mti nimeijaribu sasa hivi hapa ghalani Tukuyu, nimetua kwenye kreti. Naomba namba ya tiba

Mama Winga
😂😂 Pole baba. Fundi marahaba, na Mungu akubariki. Kocha, na hao watoto wanakula nini kabla ya mazoezi? Wangu nilikuta anaenda na chai ya rangi tu tangu asubuhi. Sasa hivi nampa maharage na maziwa, na yai likiwepo. Usimpime mtoto nguvu ana njaa.

Kocha Ituha
Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa wiki tatu, tulikuwa tunavuna viazi.

Mama nilianza na la kwako. Niliwauliza, 11 kati ya 28 waliokuja siku hiyo walikuwa hawajala chochote tangu uji wa shule saa nne. Nimesogeza vipimo mpaka Jumamosi asubuhi, wakala viazi vya kuchemsha kwanza, hivyo havijawahi kutupungukia.

Matokeo. Yule kiungo wangu wa kilo 39 aliruka sentimita 41, wa tatu kati ya 28. Yule wa ndevu, ambaye barua ya kutoka Dar bado haijafika mpaka leo, aliruka 38, sio mbaya, na kwa kweli kule uwanjani ni beki mzuri sijawahi kumkataa. Mwingine kati ya wale wanne wenye vifua aliruka 31. Hapo nikawa nimeshaanza kucheka peke yangu, nikamtumia msaidizi meseji "nilisema!"

Ila sasa. Tukafika kwenye kujiachia kama mti. Kiungo wangu hakuzuia hata robo, alianguka puu kama gunia, mara zote tatu. Nikakumbuka msimu uliopita alilalamika nyuma ya paja mara mbili nikamwambia akaze. Kwa hiyo Mpiga Chuma ulivyosema nampenda ndo maana naona dhahabu, kuna kaukweli, nilikuwa naangalia miguu inavyocheza siangalii inavyobeba.

Na kubwa kuliko yote sikulitegemea kabisa. Nna mshambuliaji wa miaka 15, sikuwahi kuwa na wasiwasi nae. Kuruka kwa mguu mmoja: kushoto mita 1.62, kulia 1.28. Tukarudia, hivohivo. Nikamuuliza kama Fundi alivyosema, akaniambia Disemba alidondoka na bodaboda imebeba viazi kule Igawilo, mguu ukavimba, nyumbani wakamkanda na maji ya moto, akakaa wiki mbili akarudi mazoezini, hakuniambia kwa sababu aliogopa ntamuweka benchi. Miezi saba namchezesha kwenye mguu mmoja na nusu! Nikaelewa kwa nini siku hizi kila mpira anauvuta kwenye kushoto, mi nilidhani anaiga watu wa kwenye TV.

Fundi Misuli Iringa
Huyo mshambuliaji msimamishe mechi kwanza, aangaliwe goti na mtu wa tiba kabla hujampa zoezi lolote. Ntakutumia inbox mtu wa huko huko Mbeya. Kiungo, mti wake uanze na kamba: mfunge kifuani kamba au mpira wa baiskeli, mwenzie asimame nyuma amshikilie anaposhuka, mpunguzieni kadri anavyopata nguvu. Kama paja linauma sasa hivi asianze, asubiri.

Mpiga Chuma Mwanjelwa
Kocha nimefurahi umekubali kidogo 😂 Na mi nakubali kidogo, kilo 40 kwa mtoto wa kilo 39 ilikuwa fujo. Nna mpira wa baiskeli hapa dukani, wa tairi la nyuma, njoo uuchukue bure. Vipi baba yake?

Kocha Ituha
Baba yake alikuja ile Jumamosi, alikuwa amekuja kumchukua wakavune. Akasimama pembeni na jembe. Nikamwonyesha karatasi, sentimita 41, wa tatu. Akauliza, wa tatu kati ya wangapi? Nikamwambia 28. Akanyamaza, alafu akasema haya na hiyo ya kuanguka ndo nini, nikamweleza. Akaweka jembe chini akapiga magoti kwenye nyasi na gambuti zake, akaniambia nishike. Ameshuka polepole mpaka karibu pua iguse chini, hakutanguliza mkono, madogo wote wamepiga kelele. Akasimama akajifuta magoti akamwambia mwanae twende.

Jumatano ndo yeye anayemshika visigino.

Banyambala86
Huyo mzee alicheza namba ngapi?